Gari, Sogea Kulia

Kitu cha kwanza alichokiona Kokwijuka kilikuwa kidogo kama kifungo cha gauni: mshale mwekundu katikati ya gurudumu la mbele la kushoto. Mshale wa gurudumu la kulia ulikuwa umesimama wima. Huu wa kushoto ulikuwa umelala upande, kama mtu aliyeitwa akageukia kwingine.

Landkruza ya baba mkwe wake, Mzee Placidius, ilikuwa ya zamani, aliyoinunua mradi mmoja wa miti ulipofungwa. Kabla ya kupanda mlima, dereva alipaswa kushuka, ainame kwenye kila gurudumu la mbele na kuzungusha kwa mkono kifuniko cha katikati mpaka kilie krak. Hapo ndipo tairi za mbele nazo zinapovuta. Bila hivyo, hata ukiweka gia ya mlima kule ndani, kazi yote inabaki kwa tairi za nyuma. Mzee Placidius alikuwa amekwisha kufanya hayo. Alishuka, akainama kulia, akazunguka, akainama kushoto, akajipangusa mikono kwenye suruali na kurudi kwenye usukani, kama alivyofanya kwa miaka ishirini.

Kokwijuka aliuona mshale kwa sababu alikuwa chini, akiondoa jiwe aliloliweka nyuma ya tairi. Breki ya mkono ya gari lile ilikuwa ya jina tu.

Mtu mwingine angesema palepale. Lakini Kokwijuka alikuwa mkwe, na kwao mkwe hamsemeshi baba mkwe uso kwa uso, wala hamtazami machoni, wala halitaji jina lake. Miaka mitatu aliyokaa Kihanga kwa mumewe Egbert, hakuwahi kumwambia mzee yule sentensi moja moja kwa moja. Chakula kikiiva, alimtuma mtoto: kamwambie babu. Siku ambazo mtoto hakuwepo, aliiambia sufuria kwa sauti kidogo, "Jamani, ndizi zimeiva," na mzee akiwa barazani akasikia, akanawa. Na hata bila mila hiyo, Kokwijuka alikuwa mtu wa kumeza maneno. Shule aliiacha darasa la tano, na tangu siku hiyo aliamini kwamba kusema ni kazi ya waliomaliza.

Akapanda, akafunga mlango. Katikati yake na mzee alikaa Adija, mwenye duka la vitambaa pale Kihanga, aliyeomba lifti kwenda kumwona dada yake Isingiro. Bibi yake Adija alitokea Pangani, na Adija alikuwa na maneno ya kutosha kwa wote watatu.

"Dada Adija," Kokwijuka akanong'ona, "mwambie baba mshale wa gurudumu la huku haujakaa sawa."

Adija hakuwa mtu wa kunong'ona. "Mzee Placidius! Mkweo anasema gurudumu la huku hujalifunga."

"Mwambie nimelifunga."

"Anasema amelifunga."

"Nimemsikia," akasema Kokwijuka.

"Umemsikia, naye kakusikia, na mimi nimekaa hapa katikati kama mnara wa simu. Haya, nani mwingine anataka kupiga?"

Mzee Placidius akacheka puani, akaweka gia, na gari likaanza kupanda.

Walikuwa wanakwenda kuichukua kwaya ya akina mama wa Isingiro, ambayo ingeimba kesho Kihanga kwenye jubilei ya padre. Juzi mvua ilikuwa imebeba kalavati la barabara kubwa. Ikabaki njia ya zamani tu, iliyochimbwa enzi za machimbo ya bati, inayopanda mlima wa Rugongo mpaka juu kabisa na kushukia upande wa Kyerwa. Njia hiyo haikuwa barabara tena. Ilikuwa mawe, magugu na mifereji. Wakati wa mvua hakuna dereva aliyethubutu kuipita isipokuwa Mzee Placidius, na watu wa pande zote mbili walijua hivyo. Aliwahi kuwapitisha pale wagonjwa, maharusi na hata marehemu. Ukimtaja jina sokoni, mtu wa kwanza kujibu atasema, "Yule wa Rugongo?"

Siku zote Egbert ndiye aliyekaa kando ya baba yake. Lakini Alhamisi, akikata mgomba, panga lilimteleza likamwingia mguuni, na mguu ukavimba. Alijaribu kuizuia safari. "Baba, tungoje Jumatatu," alisema, na alipoambiwa kwamba jubilei haiwezi kungoja mguu wake, uso wake ukawa mbaya. Mama mkwe, Jovitha, ndiye aliyesema Kokwijuka aende, awasaidie wale akina mama kupanda na kupakia ngoma zao. Asubuhi, mlangoni, Egbert alimshika mkono.

"Njiani uongee," alimwambia. "Usinyamaze kama kawaida yako."

Alidhani anamtania.

Mteremko wa kwanza waliupanda vizuri. Wa pili ulikuwa udongo mwekundu uliolowa, na hapo gari likaanza kuguna. Tairi za nyuma zilizunguka palepale zikirusha matope, za mbele zimetulia kama wageni. Gari likarudi nyuma hatua mbili, mkia ukiteleza kuelekea mfereji.

"Ya Rabi!" Adija akashika paja la Kokwijuka kwa kucha zote.

Mzee akakanyaga breki. Kokwijuka akaruka chini, akasukuma jiwe chini ya tairi, na gari likatulia. Mzee naye akashuka. Akaja mpaka gurudumu la kushoto, akachuchumaa.

Hapo Kokwijuka akakiona kitu cha pili. Mzee hakuutazama mshale. Uso wake aliuinua juu, kule kwenye ukungu, na vidole vyake vikatembea juu ya kifuniko taratibu, kimoja baada ya kingine, kama mama anayetafuta jiwe kwenye mchele gizani. Vilipita juu ya mshale mara mbili. Matope yalikuwa yamejaa kwenye mchoro, na vidole havikupata vilichokitafuta.

Kokwijuka alisimama karibu kiasi cha kuyaona macho yake. Hakuwahi kuyatazama hata siku moja, kwa heshima. Yalikuwa na utandu mweupe kama juu ya maziwa yaliyopoa.

Akainama, akafuta matope kwa kanga, akazungusha kifuniko mwenyewe mpaka kikalia krak. Mzee akabaki amechuchumaa kidogo, mkono wake bado hewani.

"Sasa kimelia," akasema, bila kusema na mtu yeyote.

Walipopanda tena, gari lilipanda kama mbuzi. Adija alishangilia na kumpongeza dereva. Kokwijuka alitazama mbele, na maneno ya mumewe yakaanza kumrudia moja moja. Egbert nyumbani ni mtu kimya. Anaweza kula, kunawa na kulala bila kusema neno. Lakini ndani ya gari hafungi mdomo. Mara ngapi amewasikia wakiondoka uani, Egbert akipayuka: "Kuna mbuzi huyo, baba. Shimo kulia. Mama Twizeyimana anakusalimia, yuko kushoto na ndoo." Yeye alidhani gari linampa mumewe furaha. Kumbe alikuwa macho ya baba yake. Na leo asubuhi, pale karibu na kanisa, si ni kelele za Adija zilizomwokoa mbuzi aliyekuwa amesimama barabarani? Barabara pana mzee aliijua kwa mwili wake, na vivuli vikubwa bado aliviona. Lakini Rugongo haikuwa pana, na mvua ilikuwa imeibadilisha.

Karibu na kilele, ukungu ulikuwa mzito. Njia ilipinda na kuwa kama rafu iliyobandikwa ubavuni mwa mlima: kulia ukuta wa mawe, kushoto hakuna kitu. Katikati ya rafu hiyo, ukingo wa kushoto ulikuwa umemeguka usiku na kuacha nafasi ya gari na kiganja kimoja zaidi.

Adija alichungulia. Akachungulia tena.

"Mzee Placidius, simamisha nishuke."

"Unaogopa, binti yangu?"

"Siogopi. Nina miguu tu, na nimeona niitumie. Nina watoto wanne, duka, na kitenge cha watu sijakikabidhi. Nitawakuta kule mbele." Akampita Kokwijuka mapajani, akashuka na viatu mkononi, akaifuata njia kwa kuukumbatia ukuta mpaka ukungu ukammeza.

Ndani ya gari wakabaki mkwe na baba mkwe, na kiti kitupu katikati.

Mzee hakuondoa gari. Mikono yake ilishika usukani, injini ikinguruma polepole. Alingoja. Kokwijuka alijua anangoja nini, naye mzee alijua kwamba anajua, na hakuna aliyeweza kuwa wa kwanza. Hapakuwa na mtoto wa kutumwa. Hapakuwa na Adija.

Akakohoa. Akautazama mfuniko wa injini kule mbele.

"Gari," akasema kwa sauti ndogo, "sogea kulia."

Usukani ukazunguka kidogo kwenda kulia, na gari likasogea.

"Gari, tosha hapo. Nyoosha."

Likanyooka.

"Kuna jiwe mbele ya tairi ya kulia, gari, lakini ni dogo, lipande tu. Hivyohivyo. Sasa kulia tena, kidogo sana. Ukuta uko karibu, gari, usiuguse."

Kioo cha pembeni cha upande wa mzee kikakwaruza mawe. Mzee akatabasamu. "Gari hili limezeeka," akasema. "Halisikii mpaka liambiwe mara mbili."

Kokwijuka angecheka, lakini alikuwa ametoa kichwa dirishani na anaitazama tairi ya mbele ya kushoto. Chini yake aliona ukungu, na ukungu ulipofunguka kidogo aliona vichwa vya migomba, mbali, vidogo kama sukuma wiki kwenye kitalu. Udongo wa ukingo ulikuwa unadondoka punje punje. Kisha ukadondoka bonge.

"Baba, simama!"

Gari likasimama papo hapo.

Neno lilikuwa limetoka, limekwenda, halirudi. Mzee hakugeuka. Kokwijuka alihisi masikio yanawaka, lakini bonge lingine lilikuwa linajitenga, na haikuwa saa ya kuona haya.

"Kulia, baba. Zungusha yote. Yote! Sasa nenda, nenda, usikanyage breki, nenda."

Gari likaunguruma, likakwaruza ukuta kwa ubavu mzima, tairi ya nyuma ikaning'inia kiasi cha kupepesa jicho, kisha ikashika. Mita ishirini mbele njia ikapanuka, ukungu ukabaki nyuma, na jua la upande wa Kyerwa likawapiga usoni.

Mzee Placidius akazima injini. Kwa muda kulisikika maji tu yakitiririka mahali fulani. Akaiweka mikono yake katikati ya magoti.

"Gari," akasema akielekea kioo cha mbele, "ni mwaka wa pili sasa. Kwanza ilikuwa kama moshi wa jikoni. Nikadhani ni moshi kweli, nikamgombeza mama Egbert kwa kuni mbichi. Baadaye moshi ukaja hata shambani. Dereva asiyeona anaitwaje? Haitwi. Anakaa barazani, anasikiliza magari ya watu. Nakuomba, gari, haya usiyapeleke nyumbani."

Kokwijuka aliona machozi yanashuka kwenye mashavu ya mzee, na yeye akageuza uso dirishani, kwa heshima.

Adija aliwakuta hapo, anahema, matope mpaka magotini. "Mmenyamaza hivi! Mngekuwa na mimi mngeongea," akasema, akajibanza katikati.

Isingiro walipokelewa kwa vigelegele. Kiongozi wa kwaya, Kantengwa, mama mnene mwenye sauti ya kengele, alimletea mzee kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, kama mgeni anavyopewa.

"Karibu, waitu," akasema, kwa neno lao la heshima. "Shujaa wetu wa Rugongo!"

"Ahsante, mama." Mkono wa mzee ukaenda kando ya kikapu, ukashika hewa. Kantengwa akacheka, akadhani ni mzaha, akakisogeza kikapu. "Mzee ana maringo! Anataka kahawa imfuate!" Watu wote wakacheka, na mzee akacheka pamoja nao, na Kokwijuka peke yake ndiye aliyekiona kicheko kile kilivyomchosha.

Shemeji yake Adija, Isihaka, alikuja kuwasalimu. Alikuwa dereva wa lori, na lori lake lilikuwa limekwama tangu juzi ng'ambo ya kalavati lililobomoka. "Shikamoo, Mzee. Nimekaa siku mbili sina kazi, mpaka mke wangu amenifundisha kuchambua maharage. Njia ya juu ikoje?"

"Marahaba, kijana. Inapitika," akasema mzee.

Wakaanza kupakia. Kokwijuka alipokea ngoma, akapokea vifurushi vya sare, akashika mikono ya akina mama mmoja mmoja kuwavuta juu. Alikuwa anawahesabu bila kutaka. Walikuwa kumi na mmoja. Wa mwisho, binti mdogo kuliko yeye, alikuwa na mtoto mgongoni aliyelala mdomo wazi. Wakaanza kujaribu sauti, na Kantengwa akapiga ngoma kwa kiganja, na bodi nzima ikatetemeka kwa wimbo.

Kokwijuka akasimama pale, mkono wake bado juu ya mlango wa nyuma. Alikuwa anaipanga njia kichwani. Wakati wa kuja, ukingo ulikuwa kushoto, upande wake, chini ya dirisha lake. Aliweza kuiona kila punje. Wakati wa kurudi ungekuwa kulia. Upande wa mzee. Kutoka kwenye kiti chake asingeona chochote isipokuwa ukuta. Na hata angeona, kwa nyimbo zile nani angemsikia?

Alijua pia upande mwingine wa jambo. Akisema, gari litapata dereva mwingine leo, na kesho watu watauliza kwa nini, na kesho kutwa mzee atakuwa barazani. Egbert amelificha miaka miwili. Yeye atakuwa amelitoa siku moja. Na mama mkwe atauliza, tangu lini mkwe amsemeshe baba yake mkwe, na maneno yenyewe ya kwanza yawe hayo? Angeweza kujifanya mgonjwa. Angeweza kumwomba Adija aseme, na Adija angesema, lakini angesema kwa kijiji kizima.

"Mzee, tumetimia!" Kantengwa akapiga kelele kutoka nyuma. "Washa tuondoke!"

Mzee Placidius alikuwa amekwisha kukaa kwenye usukani. Aliutafuta ufunguo, akaukosa, akaupata. Hakuuzungusha. Aligeuza uso kuelekea kiti cha kushoto, mahali alipodhani Kokwijuka amekaa, na midomo yake ikachezacheza, kama mtu anayetaka kuomba kitu na hajui kwa jina gani.

Kiti kilikuwa kitupu. Kokwijuka alikuwa amezunguka gari kwa mbele, amefika mlango wa dereva. Akaushika mlango kwa mikono miwili, akainua uso, akayatazama yale macho yenye utandu, sawasawa, kama mtu anavyomtazama mzazi wake.

"Baba," akasema taratibu, ili wa nyuma wasisikie. "Kule juu ukingo utakuwa upande wako, na upande wako mimi siuoni. Mpe Isihaka usukani. Wewe ukae kando yake, umwelekeze, maana njia unaijua wewe na yeye haijui. Akina mama wapite pale kwa miguu kama alivyofanya Adija. Nyumbani nitasema mimi, Egbert asiulizwe. Nimeogopa kusema hivi kuliko nilivyoogopa kule juu, baba. Lakini huoni. Baba yangu, huoni."